Nahodha wangu wa zamani ataka kuniposa tena

Shikamoo Somo,

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, mtaa wa Langoni, lakini tangu 2012 naishi Mombasa. Nina miaka 36, mtalaka, na binti wa miaka 11. Kazi yangu ni uhasibu katika kampuni ya kuondosha mizigo bandarini. Nakuandikia wewe kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia habari hii isifike Langoni kabla yangu.

Mwaka 2011 nilikuwa na mchumba. Jina lake silitaji. Nitamwita Nahodha, maana ndivyo nilivyomwita tangu ami yake alipomkabidhi usukani wa mashua. Alikuwa akichukua wageni wa hoteli za Shela kwenda kuvua na kutazama machweo. Tulipendana miaka mitatu kwa heshima, zaidi kwa macho na kwa simu, na wazee wake walikuwa tayari kuja kuposa. Unaukumbuka mwaka ule. Septemba watu wenye silaha walivamia hoteli upande wa Kiwayu, Oktoba wakafika Manda, wakamchukua mgeni usiku. Wageni wakakimbia, hoteli zikafungwa, mashua ya ami yake ikavutwa pwani ikalala. Wazee walipofika kwetu, baba aliwapa kahawa, akawasikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Binti yangu simpi mtu ambaye hali mpaka mzungu ashuke ndege."

Wiki mbili baadaye Nahodha hakuonekana tena. Simu yangu baba alikuwa ameichukua. Nilingoja miezi minane, sikupata neno. Nikaolewa Mombasa. Ndoa ilikaa miaka 9 na siisemi vibaya. Mume wangu hakunipiga wala hakuninyima. Tuliishiwa na maneno tu, mwisho tukawa watu wawili wanaogawana friji. Nilipewa talaka yangu miaka minne iliyopita. Baba amefariki.

Sasa lililonifanya niandike. Januari mwaka huu kampuni ilitupeleka semina ya siku nne katika hoteli moja kisiwani Manda. Somo, sijui nikuelezeje. Nililala kama mgeni hatua chache kutoka maji niliyoogelea utotoni, kitandani pamemwagwa asumini, na ng'ambo ya mkondo naziona taa za Shela. Siku ya tatu tukapelekwa Takwa kutazama magofu. Mashua ikaja gatini, na aliyeshika usukani alikuwa yeye.

Hakunitaja jina mbele ya watu. Alininyoshea mkono nipande, akasema polepole, kwa Kiamu chetu: "Ndoo," yaani njoo. Neno moja hilo, nikasikia magoti yameniisha nguvu.

Takwa, kama ujuavyo, haiingiliki ila maji yakijaa. Wenzangu walichelewa kwenye magofu wakipiga picha, ule mkono wa bahari unaopita kwenye mikoko ukapwa, mashua ikakaa juu ya tope. Tukangoja maji mpaka jua likaelekea kuzama. Watu walijilaza chini ya mbuyu, sisi tukakaa penye macho ya wote, tukazungumza. Akaniambia hakunikimbia. Alikwenda Mtwapa kutafuta kazi ya mashua, akapiga simu yangu haiiti, akarudi Lamu mara mbili hadi mlangoni kwetu. Mara zote mbili alikomea dakani, pale kibarazani mbele ya mlango. Aliyemrudisha, asema, ni mama yangu, aliyemwambia nimeshaposwa na nimeridhia. Wakati ule sikuwa nimeposwa na mtu!

Yeye alioa Shela, akapata wavulana wawili, wa miaka 9 na 6. Mkewe alifariki kwa maradhi miaka mitatu iliyopita na watoto wanalelewa na mama yake. Sasa ana jahazi lake mwenyewe. Jioni ya mwisho alikuja kuwachukua wageni wengine, akaniambia hawezi kuzungumza maneno ya pembeni na mtu mzima kama mimi, anataka kutuma wazee baada ya Idd. Tangu hapo hunipigia kila usiku baada ya Isha.

Dada yangu asema nala kiporo. Kaka yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu sasa, asema neno la marehemu baba halivunjwi. Mtalaka wangu aliwahi kuniambia siku nikiolewa atamchukua binti. Nahodha hawezi kuhama Lamu, kwa hivyo ni mimi wa kuacha kazi, na mshahara huu ndio unaomtunza mama. Na mama mwenyewe nashindwa kumpigia. Nikiisikia sauti yake naona lile daka.

Lakini linaloninyima usingizi si hayo. Najiuliza kama nampenda mtu huyu au nazipenda zile jioni nne. Nikubali posa?

Mngoja Maji,
Mombasa

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nimeisoma kwa sauti, na pale penye "Ndoo" ilinibidi nitue. Wewe na yeye hamkuachana kwa kuchokana, mlitenganishwa. Jeraha la namna hiyo halifungi vizuri, na sikulaumu hata kidogo kwa kutetemeka.

Nianze na swali lako la mwisho, maana umeliuliza vizuri kuliko wengi wanaoniandikia. Zile jioni nne ulikuwa hupiki, humwamshi mtoto kwenda shule, hujui maji ya tangi yamebaki kiasi gani. Kitanda ulitandikiwa. Hata mji wako uliuona kutoka upande wa wageni, ambako hauonekani ujirani wala madeni. Mwanamke aliyechoka kama wewe akipumzishwa namna hiyo, moyo hufunguka kwa lolote lililo mbele yake, na lililokuwa mbele yako ni mwanamume uliyempenda ukiwa na miaka 22. Kwa hivyo jibu langu ni kwamba hujui bado, na yeye hajui. Hilo si baya. Baya ni kuitikia posa mkiwa hamjui.

Ila kuna saa ambazo hazikuwa za hoteli. Ni zile za Takwa, mashua ikiwa juu ya tope. Umeniandikia kila alichosema, hukuniandikia alichofanya. Nahodha wa Lamu ayajua maji ya Takwa kama ajuavyo kizingiti cha nyumba yake; ajua saa ya kuondoka na ajua wageni hupenda kuchelewa. Siku ile yalimpita. Labda wenzako walimzidi nguvu, labda akili yake ilikuwa kwako, na mimi nitamsamehe kwa hilo. Lakini kumbuka: alilipokea vipi? Aliwaambia wageni kosa ni lake, au alilitupa kwa kijana wake wa tanga? Aliwatafutia watu kivuli na maji ya kunywa kabla ya kukaa nawe? Alikuwa na wasiwasi, hasira, au utulivu? Kaa chini uyakumbuke yale masaa bila maneno yake. Humo mna habari za mume kuliko simu 40 za baada ya Isha.

Sasa nikwambie jambo ambalo mwanamke aliyeolewa na mtu wa bahari angekwambia kwanza kabla hujavua viatu. Wewe umemwona mtu wa kaskazi. Januari upepo ni wa kaskazi, anga limetakata, bahari tulivu, ndege za Manda zinashuka zimejaa, na jahazi lililo na tanga jeupe linatoka kila jioni. Mwanamume mwenye kazi na pesa mfukoni husimama wima, hata sauti yake huwa nyingine. Subiri kusi. Kuanzia Aprili upepo hugeuka, masika hushuka, bahari ya nje ya Shela huchafuka, na ifikapo Mei na Juni hoteli nyingi za Shela na Manda hufunga milango. Vyombo hupandishwa pwani, vikakalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa, na kupakwa sifa, mafuta ya samaki, na harufu ya sifa ndiyo marashi ya nyumba ya nahodha miezi hiyo. Hakuna mgeni wala safari ya machweo. Pesa iliyopatikana Desemba ndiyo inayotakiwa kununua unga wa Juni, na kama haikuwekwa, kuna daftari la dukani lenye jina lake.

Unayeombwa uolewe naye ni huyo wa Juni. Nenda ukamwone.

Naam, na hapa nimtetee marehemu baba yako kidogo, kwa sababu barua yako imemwacha peke yake. Neno lake lilikuwa kali, na kuchukua simu ya binti mtu mzima sikubaliani nalo. Lakini alichokiogopa kilikuwepo. Mwaka 2011 aliona kwa macho yake jinsi mji mzima unavyoweza kukosa chakula kwa tukio la usiku mmoja. Na halikuwa la mwisho: Machi 2020 ndege zilisimama kwa ajili ya korona, na kwa miezi hapakuwa na mtalii wa kumpandisha chomboni. Muulize Nahodha swali hili, kwa upole, usiku mmoja akipiga: "2020 uliwalisha vipi watoto?" Kisha nyamaza umsikilize. Akikwambia alivua, alibeba mawe ya ujenzi, alikopa kwa fulani na akalipa, mke wake marehemu alikaanga viazi karai akauza, huyo amekwisha kumjibu baba yako. Akiilaumu serikali kwa nusu saa na usisikie alifanya nini, pia umepata jibu.

Nasema hivi kwa sababu nimeona kitu katika simulizi yake. Baba yako alikosea, mama yako alikosea, simu haikuita. Yeye je? Kijana aliyerudishwa dakani mara mbili angeweza kumtuma shangazi, mwalimu wa chuo cha Kurani, mzee wa mtaa. Kwetu mlango mmoja ukifungwa kuna wanawake 10 wa kupitisha neno. Simhukumu, alikuwa mdogo na hakuwa na kitu, na aibu ya kukosa kitu humfunga mwanamume mdomo. Nataka tu kujua kama yeye mwenyewe amewahi kukwambia, "Hapa mimi nilikata tamaa mapema." Akilisema neno hilo bila kulazimishwa, nitamwamini kwa mengi.

Kuhusu mama. Mpigie kesho. Usimwulize kwa simu, mpigie tu umsalimu, kwa sababu ukimya wako unamfikia na hajui kosa lake ni lipi. Likizo ya Aprili mchukue binti yako mwende Langoni kwa bibi. Siku ya pili au ya tatu, mkiwa wawili tu jikoni, mwambie: "Mama, kuna mtu alikuja dakani mwaka ule. Nieleze." Kisha mwache aeleze hadi achoke. Usisahau naye alikuwa mke wa mtu nyumbani mle; huenda aliagizwa, huenda aliogopa, huenda aliona kwa yakini yake kwamba anakuokoa. Na huenda hadithi ya Nahodha ina tundu. Umeisikia ya upande mmoja, chini ya mbuyu, moyo ukienda mbio. Mama ana haki ya kusikilizwa kabla hujamkasirikia miaka mingine 14. Akikubali kwamba alidanganya, utalia, naye atalia, na itabidi mpike chakula cha mchana baada ya hapo. Nenda ukijua hivyo.

Dada yako na kiporo chake mimi haniudhi. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwa kiporo asubuhi. Cha kuangalia ni kililala vipi: wali wa nazi ukiachwa ovyo usiku wa joto huchacha, ukipoozwa na kufunikwa vizuri ni chakula. Hii miaka 14 yeye aliilala vipi? Alimtendea vipi yule marehemu mkewe? Waulize wanawake wa Shela, hawatakuficha, na hasa sikiliza wakwe zake wanavyomtaja. Wazazi wa mke aliyefariki wakimwombea mtu mke mwema, hiyo ni shahada kubwa.

Kaka yako nitamwelezea kwa heshima kwamba baba alimkataa kijana asiye na chombo, mwaka ambao vyombo vyote vililala. Hakuacha wasia kwamba mtu huyo asije tena. Kama babu mzaa baba hayuko hai, kaka ndiye walii wako, msimamizi wa kukuozesha, na uwalii ni amana. Wewe si mwanamwali, hapawezi kufungwa nikaha bila ridhaa yako uliyoitamka mwenyewe. Walii akizuia bila sababu ya kisheria, kadhi aweza kusimama mahali pake. Lakini mlango huo usiuguse mapema. Mpe kaka kazi: mwambie afanye uchunguzi wa mtu huyu kama ambavyo baba angefanya. Akipewa kuchunguza hataona amevukwa.

Hili la binti linahitaji uangalifu kuliko yote, na umelipa sentensi moja. Kwa sheria ya dini, fiqhi ya Kishafi tunayoifuata pwani, mama akiolewa na mtu asiye jamaa wa mtoto, baba aweza kuja kudai malezi. Kwa hivyo mtalaka wako hakutamka upuuzi. Lakini kauli yake si hukumu. Katiba yetu, kifungu cha 53, yasema maslahi ya mtoto hutangulia katika kila jambo linalomhusu, na Sheria ya Watoto ya 2022 imeshikilia hapo hapo. Kabla mzee yeyote hajavuka bahari kuja kuposa, kamwone kadhi, umwone na wakili, uwaulize hali yako wewe. Hakikisha pia hati ya talaka unayo mkononi, kwani itaulizwa. Na umwambie mtalaka wako mwenyewe, asisikie barabarani. Mliishiwa na maneno lakini mtoto bado ni wenu, na mtu aliyeambiwa mapema hupungukiwa na sababu ya kukupeleka mahakamani. Binti naye aulizwe. Miaka 11 ana akili. Kuhama Mombasa, shule na marafiki ili akaishi na wavulana wawili asiowajua si jambo la kuambiwa siku ya kufunga mizigo. Hao wavulana nao wamezika mama. Ukienda Aprili usimpeleke kumtambulisha baba mpya. Mwache acheze pwani na watoto wa watu, wao wakiwemo.

Kazi usiache. Nasema hili bila kuzunguka. Usiandike barua ya kujiuzulu kwa ajili ya posa, wala ya ndoa ya mwezi wa kwanza. Umesema yeye hawezi kuhama, na hilo ni kweli, jahazi haliendi Nyali kutafuta wageni wapya. Lakini je, mmewahi kulizungumza, au wewe ndiye uliyeamua kwa niaba yenu kwamba atakayepoteza ni wewe? Hoteli zahitaji wahasibu, kaunti yahitaji wahasibu, na kuna wanandoa waliokaa mwaka mmoja mguu huku mguu huku. Nataka nijue yeye anatoa nini. Mpaka sasa katika barua yako sijaona.

Basi usiku wa leo akipiga, mwambie wazee wasubiri hadi Julai. Usimpe sababu ndefu, mwambie tu unataka kuja kumwona vyombo vikiwa vimepandishwa. Mtu aliyengoja miaka 14 aweza kungoja miezi minne, na namna atakavyoipokea "subiri" hiyo uniandikie.

Juni chukua siku zako za likizo. Usipande ndege, panda basi hadi Mokowe, uvuke kwa boti na watu wenye magunia na kuku. Ulale kwa mama. Asubuhi shuka gatini, usikodi chombo. Tembea ile njia ya pwani mpaka Shela, kama kilomita 3, lakini tazama maji kwanza kwa sababu yakijaa huifunika. Utamkuta chini ya jahazi lake, suruali imekunjwa, mikono ina sifa mpaka kwenye viwiko, na pengine hana hata shilingi ya kukununulia soda. Kaa juu ya gogo umtazame anavyofanya kazi. Ukifika, mwambie wewe: "Ndoo."

Somo